Dk. Venant Kulwa Masalu, Mtafiti wa Kompyuta za Kwanta, Pacha wa Doto

Venant Kulwa Masalu alizaliwa Kamanga tarehe 14 Machi 1964, akimtangulia pacha wake, Obedi Doto. Walifanana mno, hata mama yao, Evelina, aliwatofautisha kwa kilio. Baba yao alifariki mwaka 1979, uso na miguu vimevimba. Hakuna aliyejua ni ugonjwa gani.

Marehemu alisoma shule ya msingi Kamanga na sekondari Mwanza. Mwaka 1988 alihitimu Fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1995 akapata udaktari Uholanzi. Alibaki huko akitafiti kompyuta za kwanta, mashine ambazo wakati huo zilikuwa kwenye makaratasi zaidi kuliko mezani. Likizo moja alimweleza mama yake kwamba anashughulika na chembe ndogo kuliko vumbi, ambayo haijawa hivi wala vile mpaka ipimwe.

"Na ukishaipima, mwanangu?"

"Inakuwa kitu kimoja, mama. Hairudi ilivyokuwa."

Doto, aliyeajiriwa kiwanda cha minofu ya sangara, alicheka. "Yaani Wazungu wanakulipa usipime? Sisi asiyepima minofu anafukuzwa."

Mwaka 1993 marehemu alifunga ndoa na Odeta, mwalimu wa Butimba. Walijaliwa binti, Kashindye.

Julai 1997 alianza kuumwa kichwa, na asubuhi uso ulivimba. Mama yake alipoletewa picha yake aliishika muda mrefu. Alikuwa ameuona uso huo kwa mumewe. Madaktari walikuta figo zimejaa vifuko vya maji, ugonjwa wa kurithi, wakasisitiza pacha wake apimwe upesi. Kwa ajili hiyo marehemu alisafiri hadi Ilemela kwa Doto, Julai mwaka huu wa 1998, akiwa na dawa zake za presha.

Doto alikataa. "Si wewe uliyesema kitu kisichopimwa hakijawa chochote? Basi niache hivi hivi."

Marehemu hakucheka. "Ile ni chembe, Doto. Hizi ni figo. Zinaendelea na kazi yake hata usipoziangalia."

Tarehe 6 Agosti 1998 presha ya marehemu ilipanda, mshipa ukapasuka kichwani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Tangu msiba uanze, viatu vya Doto havifungwi kamba. Anasema miguu imechoka kwa kukesha. Mama yake amekesha naye, na miguu yake yeye haijavimba.

Marehemu ameacha mama, mjane Odeta, binti yake Kashindye, mjomba Chenge anayewasomea, na pacha wake Doto. Mama amemwagiza mjomba asisome mstari wa mwisho mpaka Doto ajibu, mbele ya jeneza hili na mbele yenu, kama Jumatatu atakwenda kupimwa.

Kulwa apumzike kwa amani. Doto asimfuate.