Utando wa Buibui Kwenye Boneti ya Mwalimu

Zile alama zilikuwa zangu. Haya, nimelisema. Karibu mwaka mzima nimekana jambo hili: nimelikana kwenye simu, nimelikana barabarani, nimelikana hata humu kanisani nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Alama kwenye boneti ya Mwalimu zilitoka kwenye mikono hii mnayoiona.

Ndugu zangu, mnivumilie nikitembeatembea mbele yenu. Tangu mambo haya yaanze nimepoteza kabisa uwezo wa kukaa mahali pamoja.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi ndiye yule mama mwenye turubai la buluu kwenye barabara ya kwenda Sikuda, ambapo magari huingia na vumbi na kutoka yaking'aa. Nina shahada ya fasihi. Nilifundisha, nikaandika makala gazetini, na siku gazeti lilipoona halinihitaji tena nikarudi Busia na maneno mengi na kazi hakuna. Shemeji yangu alikuwa anahama, akaniachia mashine yake ya kung'arisha magari. Nikajifunza kwa kutazama video. Sisi tuliosoma chuo kikuu tuna ugonjwa mmoja: tukitazama jambo mara tatu, ya nne tunaanza kulifundisha.

Huyo ninayemwita Mwalimu simtaji jina. Anafundisha shule ya msingi kule Mella. Tulilala bweni moja miaka sita, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Yeye Mteso, mimi Msamia. Kila tulipokutana, au simu ilipolia, alinisalimia kwa salamu ya kwao, "Yoga!" Nami nikamjibu "Yoga noi!" kwa lafudhi yangu ya Kisamia, na kila mara alicheka kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Mume wake alifariki akamwachia gari jeusi la Kijapani. Enzi zake mzee yule aliliosha mwenyewe kila Jumamosi, akiwa na singileti, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Sasa kijana wao akapata mchumba wa Lumino, na Mwalimu akataka siku ya utambulisho wafike kwa wakwe na gari lile.

"Baba yake aende na sisi," aliniambia. "Hata kama ni boneti yake tu."

Nawaambieni, rangi nyeusi ya gari lile ni laini. Mimi sikujua. Nilichukua pedi ya sufu, nikaweka mashine kwenye mwendo wa juu kabisa, nikaiegemea kwa uzito wangu wote, na uzito Mungu hakuninyima. Gari likang'aa chini ya turubai kama maji ya kisima. Kisha nikamalizia kama nilivyomalizia kila gari: nikatoa kitambaa changu cha sifa, kipande cha gomesi, lile vazi letu refu la sherehe, ya marehemu mama yangu, laini, chenye kuteleza, nikapangusa polepole. Wateja walipenda kuambiwa kitambaa kile kimetoka wapi. Nami nilipenda zaidi kuwaambia.

Mwalimu alipoliona alinikumbatia, akalia kidogo.

Siku ya utambulisho alifika Lumino akiwa ameliosha gari kwa sabuni asubuhi ile, maana lilikuwa limeshika vumbi. Akaliegesha uwanjani kwa wakwe, jua la saa sita limesimama juu. Nami nilikuwepo kwenye msafara, nimevaa gomesi yangu. Jua lilipoigonga ile boneti, nikaona miduara, mikia, nyuzi nyembamba zilizopindana. Utando wa buibui. Ukisogea, nao unasogea.

Mjomba wa bibi harusi, mtu wa utani, akalizunguka gari mikono nyuma. "Wakwe wetu," akapaza sauti, "hii gari mliosha na nini? Na waya ya kusugulia sufuria?"

Watu wakacheka. Mnajua utani wa siku zile, wakwe hawaachi kuchokozana. Lakini Mwalimu hakucheka. Alinivuta nyuma ya hema.

"Mama Nabwire, hii nini?"

Hapo ndipo nilipoangukia. Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja tu. Badala yake nikamuuliza, "Uliliosha na nini?"

"Na sponji na sabuni."

"Sponji ya vyombo? Mimi nilikupa gari safi. Ninyi watu mkipewa kitu kizuri hamjui kukitunza."

Ninyi watu. Nilimwambia hivyo mtu wa kitanda cha chini, na dada zake wakasikia. Alinitazama, akafunga vizuri mkanda wa gomesi yake, akasema, "Sawa, Madam."

Kuanzia siku hiyo tukikutana ilikuwa "Habari, Madam." Gari akalifunika kibandani. Nikasikia amesema harusini wataazima gari jingine, lile la baba halitoki tena.

Ndugu zangu, sikutulia. Nililaumu vumbi la saruji la Tororo. Nililaumu sabuni, nikalaumu maji ya kisima, nikalaumu Wajapani. Wakarudi wateja wengine watatu na utando uleule, na kila mmoja nikampa maelezo yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Hawakurudi tena. Nikaanza kutembea kwenye foleni ya magari yanayosubiri kuvuka mpaka, nimeinamisha kichwa, nakagua boneti za watu, mpaka askari mmoja akaniita. "Mama, unatafuta nini kwenye magari ya watu?" Nikamjibu, "Mwanga." Akaniambia niutafutie mbali kidogo. Na Mchungaji, unisamehe: ile siku ya ubatizo hukuniona nimeinama kwa unyenyekevu. Kupitia dirisha lile pale nilikuwa natazama gari lako.

Upande wa Kenya kuna dada mmoja anayepaka magari rangi. Nilimwendea nikitafuta mtu wa kubishana naye. Ushauri sikuutaka. Nilibeba boneti nyeusi ya gari bovu, ya aina ileile, nimeing'arisha mwenyewe, nikamwekea mbele. "Tazama. Kuna alama hapo?"

Hakuitazama. Akachanganya spiriti na maji, akalowesha kitambaa, akaipangusa yote, kisha akaiburuta juani. Utando ukajitokeza wote kama mtu aliyeitwa jina.

"Madam," akasema, "ile ilikuwa mafuta ya polishi imejaa kwa mikwaruzo. Mtu akiosha, mafuta inatoka, mchoro inabaki. Wewe umekuwa ukipaka watu mafuta."

"Lakini chini ya turubai haikuonekana!"

"Chini ya turubai ya buluu hata mimi naeza onekana msichana."

Miguu ilitaka kuondoka. Nilishageuka. Ndipo nikamkumbuka Mwalimu na ndoo yake ya sabuni asubuhi ile, anaosha gari la mumewe kwa uangalifu wake wote. Yeye hakuharibu kitu. Aliondoa tu kile kilichokuwa kinanificha. Nikakaa juu ya kopo la rangi. Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kukaa bila kusimama papo hapo.

Yule dada akanipa mkanda wa karatasi, akaniambia niigawe boneti vipande vipande kama shamba, na kwenye kila kipande nibadilishe kitu kimoja tu. Mimi nilitaka kubadilisha vyote kwa pamoja niende nyumbani. "Ukibadilisha zote, utajua ni gani ilitoa mchoro?" akaniuliza. Basi. Kipande cha kwanza nikaondoa sufu, nikaweka pedi ya sponji laini. Cha pili, polishi ya chembe ndogo kabisa. Cha tatu nikapunguza mwendo, nikaacha kuegemea, mashine ijibebe yenyewe. Kila nilipomaliza nikapiga brashi pedi ili polishi iliyokauka isigeuke msasa, nikapangusa kwa spiriti, nikatoka juani. Niliingia na kutoka mpaka majirani wakadhani tunatoa jini.

Miduara ikaisha. Lakini bado kulikuwa na nyuzi. Hafifu, zimenyooka, kama nywele. Nikabadilisha polishi tena. Zipo. Mwendo wa chini zaidi. Zipo. Nilikuwa karibu kuitupa ile boneti mtoni.

"Ukimaliza unapangusa na nini?" yule dada akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa heshima. "Gomesi ya marehemu mama."

Akaishika, akaisugua karibu na sikio langu, ikalia krr krr. Akaleta kipande cha bati alichokipaka rangi nyeusi mwenyewe, safi kabisa, mashine haijakigusa, akakipitishia gomesi mara mbili, akakitoa juani. Zile nyuzi. Zilezile.

"Mama alikuwa anavaa hii," akasema polepole, "hakuwa anasugua gari nayo."

Basi nikalia pale, mtu mzima, mbele ya mafundi. Kitambaa kile kilikuwa laini kwenye mkono wangu, na kwa rangi laini kama siagi kilikuwa kucha. Nami nilikuwa nimekisimulia vizuri mno, hata sikuwahi kukikagua. Akanipa taulo laini lenye manyoya, nikang'arisha tena na kupangusa bila kukandamiza. Nyuzi hazikurudi. Gomesi ya mama sasa iko sandukuni, inapumzika.

Nikaenda Mella. Nilimkuta Mwalimu anapepeta ulezi. "Habari, Madam," akasema, bila kuacha ungo.

"Zile alama zilikuwa zangu."

"Sema tena. Sijasikia."

Alikuwa amesikia. Nikasema tena. Nikamweleza sufu, mafuta, turubai, gomesi. Alipepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Na ile 'ninyi watu', hiyo utapangusa na nini?"

Mimi mwenye shahada ya maneno nilikuwa na moja tu. Nikasema, "Nisamehe." Akaendelea kupepeta muda mrefu. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akauweka juu ya ungo, katikati ya ulezi, niuchukue mwenyewe.

Nilifanya kazi siku mbili kibandani kwake. Sehemu ndogo ndogo, kivulini, rangi ikiwa baridi, na kila sehemu nikailetea spiriti na kulisukuma gari juani. Hakuja kutazama. Nilipomaliza alisema, "Usiniambie ni safi. Nitaosha mimi, mara mbili. Nitatoa kwa jua ya saa sita. Halafu nitakupigia. Ama sitakupigia."

Hiyo ilikuwa siku nne zilizopita, na mmeniona wiki hii nikizurura mjini kama mbuzi aliyekata kamba.

Sasa nimshukuru yule dada wa ng'ambo, ambaye alinicheka lakini hakunifukuza. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki mlioniletea magari yenu hata baada ya kusikia habari zangu. Yaleteni tena, nitayarudia yote, na turubai nimelishusha. Ninalotaka mwondoke nalo ni dogo. Kazi yako ikionekana nzuri, ipanguse mafuta uitoe juani wewe mwenyewe, kabla mwenzako hajaitoa mbele ya wakwe. Na likitokea kosa, anza kuangalia kile kitambaa unachokipenda kuliko vyote.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini jana saa sita na robo mchana nilikuwa nimesimama mlangoni, simu ikalia. Jina lake. Nikasimama tena, ingawa nilikuwa nimeshasimama.

"Nimeosha," akasema. "Mara mbili. Na ile spiriti yako nimepangusa."

"Ndiyo."

"Niko kwa jua. Nazunguka." Nikasikia viatu vyake kwenye changarawe, upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu akapiga kelele, "Shh! Toka! Toka hapo!"

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Jogoo yangu. Imeona jogoo ingine ndani ya boneti. Inataka kupigana nayo." Nikasikia anaifukuza, anahema, mabawa yanapigapiga. Kisha akarudi kwenye simu. "Harusi tunaenda na gari ya baba yake. Wewe utakaa mbele, na hiyo taulo yako."

Nilikuwa nimeshaingia ndani kulitafuta taulo.

"Uko hapo?" akauliza. "Yoga, Mama Nabwire."

Nikamjibu kwa lafudhi yangu ileile, na nikamsikia anacheka.