Sauti ya Mama Yangu Iko Kwenye Simu Zenu

Asanteni. Kaeni. Msipige makofi kwanza. Mpiga kinanda, kaka yangu, toa vidole kwenye mashine yako kidogo, na mtu azime hiyo feni. Najua ni joto, hii ni Durban, tutavumilia wote. Daktari ameniruhusu kusema dakika kumi na tano tu halafu nipumzike, na sitaki kuzimalizia kwa kushindana na feni.

Mchungaji aliniuliza pale mlangoni kama nimekuja kushuhudia kwa furaha. Nikamwambia nimekuja kushuhudia nimepona. Furaha bado iko njiani. Nilicho nacho leo ni shukrani na hasira, na ndugu zangu, hasira ndiyo kubwa, kwa hiyo nivumilieni.

Wengi wenu mlinijua kwa masikio kabla ya kunijua kwa sura. Mimi ndiye niliyekuwa nafasiri katuni kule Greyville, kwenye duka la simu ambalo sitalitaja, la patron, bosi wangu, ambaye sitamtaja. Kwetu Kongo, Kalemie, kazi hii ni ya kawaida. Filamu inakuja na lugha yake, mtu anakaa pembeni na mikrofoni, anawasemea watu wote waliomo ndani, kwa Kiswahili, mpaka wanaotazama wanasahau kama yupo. Nilikuja na kazi hiyo kichwani. Dukani nilikuwa nabadilisha vioo vya simu, na jioni nikifunga nafasiri kwenye kompyuta ya patron. Yeye alikuwa anawawekea wateja vipindi hivyo kwenye simu na kwenye flash.

Katuni yangu ilikuwa moja tu, ya Kijapani, ndefu vibaya. Ilianza mimi nikiwa darasa la tano. Leo nina mvi na haijaisha. Kwao inatoka kwanza kwenye gazeti la kila wiki, kurasa chache chache, mzee mmoja anachora. Kurasa zikitosha zinafungwa kuwa kitabu. Vitabu hivyo dada yangu alikuwa ananitumia kutoka Ubelgiji, vya Kifaransa, kwa hiyo mimi nilijua mambo kabla yenu, na ninyi mlikuwa mnanisumbua hata kwenye foleni ya taxi niwaambie kitakachotokea. Habari yenyewe mnaijua. Msichana mchimba visima, nchi ambayo maji yake yamefungwa kwa kufuli, bibi yake asiyeogopa mtu, na yule adui, Mwenye Funguo.

Watu wa televisheni walichukua vitabu wakavifanya katuni ya kutembea. Wakakimbia sana, wakamkuta mchoraji hajafika mbele, wakatunga mwisho wao wenyewe. Wakamuua bibi. Miaka ikapita, wakaona aibu, wakaanza upya tangu mwanzo, safari hii wakifuata kitabu, na bibi akaishi. Baadaye ikaja filamu ya watu wa kweli waliovaa nywele za bandia, hiyo tuiache. Zote tatu nilizifasiri. Bibi yule nimemzika kwa mdomo wangu, nikamfufua kwa mdomo huohuo.

Sauti zote zilikuwa zangu. Msichana nilimpa sauti nyembamba. Mwenye Funguo nilimtoa hapa, chini kabisa ya koo, anakwaruza. Na bibi nilimpa sauti ya mama yangu. Mama alifia Kalemie mimi nikiwa hapa bila karatasi za kunivusha hata mpaka mmoja. Sikumzika. Sikuwahi kurekodi hata neno lake moja. Nilichobaki nacho ni kicheko chake, kinachoanzia puani, halafu anasema, "Weee, unanijua mimi?" Nikikifanya kwenye mikrofoni, mke wangu kule jikoni alikuwa anaacha kukoroga ugali. Alimjua mama.

Sasa nawaambia dhambi yangu, maana siwezi kutaja za wengine nikaruka yangu. Yule mchoraji hatukuwahi kumwomba ruhusa. Hata siku moja. Halafu akaugua. Wakatangaza kwamba mkono wake hauwezi tena kazi ya kila wiki, kurasa za gazetini zitasimama, haijulikani mpaka lini. Mimi nikakasirika, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Mwisho wa kipindi cha wiki ile nikaongeza maneno yangu mwenyewe, kwa sauti ya Mwenye Funguo. Nikasema, "Mvivu huyu. Mkono gani unaouma kila mwaka? Amka uchore, watu tunangoja." Mlicheka sana. Mlitumiana kipande kile mpaka kikanirudia kutoka Johannesburg. Nikaona nimekuwa mtu mkubwa.

Na siku hizo koo langu lilikuwa tayari linawaka. Asubuhi naamka na sauti ya kutu. Mke wangu anasema, "Papa Neema, nenda kliniki." Mimi natafuna tangawizi. Nilikula tangawizi, nikaweka pilipili kwenye chai, nikarudi kukwaruza sauti ya Mwenye Funguo. Msinicheke, wengine ni ninyi mlionishauri pilipili.

Siku moja dukani mteja aliuliza chaja. Nikafungua mdomo kumjibu, ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Mteja akadhani namdharau, akaondoka.

Hospitali walinipitishia kamera nyembamba puani. Nyuzi za sauti zilikuwa zimeota vinundu viwili, vinatazamana. Daktari akasema kufasiri basi, nisubiri kupasuliwa, na foleni ya kupasuliwa ni ndefu. Nikamwandikia patron kwenye karatasi. Akasoma, akanipigapiga bega, akasema, "Sharp, sawa kaka, pumzika."

Miezi mitatu nikasubiri. Wiki ya nne tu meseji zikaanza. Nyingine za sauti, kwa hiyo nawajua waliozituma, na naona mmoja wenu anatazama viatu. Tulia, sijakutaja. "Anaringa huyu." "Amepata pesa, ametusahau." Na moja, ndugu zangu, hii niliisikiliza nikiwa nimekaa kitandani, ilisema, "Mvivu huyu. Koo gani linalouma miezi mitatu? Amka ufanye kazi, watu tunangoja."

Ni maneno yangu. Yule mtu alibadilisha mkono akaweka koo, basi. Nilitaka kumpigia nimtukane, nikakumbuka sina sauti. Nikakaa pale nikimfikiria mzee wa watu kule Japani, na kama naye alikuwa na mke wa kumsomea meseji zile. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikapasuliwa. Daktari akasema wiki tatu hakuna neno, hata kunong'ona. Nikipiga kelele kabla ya siku, kidonda kitafunga vibaya, nibaki na upepo maisha yangu yote. Nikakubali kwa kichwa.

Wiki ya tatu, mke wangu anarudi kutoka saluni anakosuka. Hajavua hata viatu. Anasema, "Papa Neema, umefasiri kitu?" Namtikisia kichwa. Anatoa simu, mteja wake amemtumia. Ndugu zangu, nilijisikia nikiongea. Katuni ileile, kipindi kipya ambacho sijawahi kukigusa. Msichana, sauti yangu. Mwenye Funguo, sauti yangu. Patron alikuwa amelisha kompyuta vipindi vyangu vyote, ikajifunza, sasa inafasiri yenyewe, na mimi nimefungwa mdomo nyumbani. Halafu akatokea bibi. Akacheka kile kicheko cha kuanzia puani. Akasema, "Weee, unanijua mimi?" Akaendelea, "Njooni Greyville mnunue kava za simu na vioo, bei ya mteja."

Mama yangu. Anauza kava.

Eish. Ngoja ninywe maji.

Niliamka nikaondoka na ndala. Kutoka kwetu mpaka dukani ni robot tatu, taa za barabarani, sikungoja hata moja. Nafika, wameweka spika nje, mama anawaita wapita njia. Patron yuko mlangoni. Ananiona, anasema, "Kaka, si umesema unaumwa? Nimekusaidia kazi isilale." Kwa tabasamu.

Hapa ndipo naomba mnisikilize. Kifua changu kilikuwa kimejaa. Neno lilikuwa limefika hapa, kwenye meno. Nikilitoa, mtaa mzima utalisikia, na litakuwa la mwisho. Na yule mashine ndani atabaki kuwa mimi, kwa sababu mimi halisi sitakuwepo tena wa kumkanusha. Nikafunga meno. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimebeba mizigo bandarini.

Nikachukua boksi tupu la televisheni pale nje, nikaomba kalamu kwa ishara, nikaandika kwa herufi kubwa: HUYO SI MIMI. MIMI NIKO HAPA. HUYO BIBI NI MAMA YANGU. Nikasimama mbele ya spika.

Watu wanapita, wanatazama, wanaendelea. Mke wangu akafika anahema, nyuma yake kina mama wa saluni, mmoja na vitana bado kichwani. Yule mkubwa wao, Mburundi, akasoma boksi kimya. Akasoma tena, kwa sauti. Halafu akageuka akawasomea wapita njia, "Huyo si yeye. Yeye iko hapa. Huyo bibi ni mama yake." Wakapokea wengine. Kila mara mama yangu alipocheka kwenye spika, wanawake sita walisoma boksi langu juu yake. Wakasoma mpaka nikapoteza hesabu. Patron alijaribu kuongeza sauti ya spika, wakaongeza ya kwao. Wateja wakaanza kuuliza kuna nini, na alipoona wanarudisha kava mezani, akachomoa waya.

Mimi sikutoa neno. Nililia tu, na daktari hakukataza kulia.

Leo siko tena kwenye duka lile. Natengeneza simu kwenye kona ya saluni, kina mama walinisogezea meza. Namshukuru mke wangu. Nawashukuru wale wanawake sita, simameni tuwaone. Nashukuru yule binti mwalimu wa sauti wa Glenwood aliyenifundisha kuanza na herufi moja moja kama mtoto. Yule mchoraji amerudi, anatoa kurasa anapoweza, si kila wiki. Nimemwandikia barua ya msamaha kwa Kifaransa, kupitia wachapishaji wake. Hajajibu, wala simdai jibu. Kufasiri kazi yake bila ruhusa nimeacha.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikwambia anaumwa, mwamini. Ukikosa katuni yako wiki nzima hufi.

Lakini sijamaliza. Patron alichomoa waya, vipindi vilikuwa vimeshatoka. Viko kwenye simu zenu. Jumapili iliyopita nimemsikia mama akiuza kava humu ndani, kwenye benchi za nyuma, wakati wa matangazo. Kwa hiyo toeni simu. Sasa hivi, kabla ya sadaka. Tafuteni mpate, mfute, mnionyeshe.

Mchungaji, na wewe.

Dakika zangu zimekwisha. Nitasimama hapa nikisubiri. Kunyamaza nimejifunza.