Aliyeiandika kwa Pascal

Kwenye basi, siti ya mbele yangu, mjane mmoja alikuwa amepakata kompyuta kuukuu kama mtoto mwenye homa. Kijana aliyekaa naye, mwandishi wa programu, alishindwa kunyamaza. Nami masikio yangu ni mazee, ila hayajastaafu.

“Programu ya duka letu la dawa aliiandika marehemu mume wangu, kwa lugha ya Pascal,” alisema mjane. “Imeanza kukwama, naipeleka kwa fundi.”

“Pascal, mama? Siku hizi nani anaijua? Iandikwe upya kwa Python.” Akaitazama mashine, akajikuna kidevu. “Hapana, humu Python itajikokota. Tutumie C. Ni nyepesi, hata mkweche huu utaibeba.”

“Mkweche ni basi hili,” alijibu mjane. Nikampa maksi zote. Kisha akashusha sauti: “Kila asubuhi nikiifungua programu, huniandikia: Mke wangu, umekunywa chai?”

“Hilo dogo, mama! Nitaliandika hivyo hivyo.”

“Utaliandika wewe, mwanangu, si yeye.”

Basi likasimama. Mjane alianza kushuka na mzigo wake, waya ukiburutika nyuma. Kijana akauokota, akaukunja taratibu, akamtilia mkononi, bila kutaja lugha nyingine.