Marehemu Ammachi, Aliyekuja Louisville Kuniogesha

Baba Padri, ndugu na majirani mlioacha zamu zenu za kazi ili mje kutusindikiza, naitwa Fides, mke wa Jobin, mkwe wa marehemu, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu Aleyamma Mathai, tuliyemwita Ammachi, yaani mama kwa Kimalayalam, lugha ya kwao. Mnisamehe, sauti yangu ni ndogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1959 katika kijiji cha Pulinkunnu, eneo la Kuttanad, jimbo la Kerala, kusini mwa India, mahali ambapo mashamba ya mpunga yako chini kuliko maji ya mto, na watu huyazuia maji kwa kuta za udongo, na ukuta ukibomoka mavuno yote huenda na maji. Alitusimulia kwamba walikunywa uji wa mchele kwa jani la mfenesi lililokunjwa kama kijiko, na kwamba mama yake ndiye aliyeitwa kila nyumba iliyopata mtoto, akamkande mzazi kwa mafuta na kumwogesha kwa maji yaliyochemshwa na majani, mpaka arobaini iishe. Kwao binti hurudi kujifungulia kwa mama yake, na aliyeanza kumwogesha mzazi haondoki katikati.

Shuleni alikwenda kwa mtumbwi, akamaliza sekondari mwaka 1976, akasomea uuguzi mjini Kottayam hadi 1980, na mwaka 1984 alikwenda Tanzania kufanya kazi katika hospitali ya misheni wilayani Kasulu, ambako alijifunza Kiswahili wodini kwa wazazi, hata akawa anagomba kwa Kiswahili na kusali kwa Kimalayalam. Tarehe 11 Januari 1988 alifunga ndoa kijijini kwao na Mwalimu Mathai, aliyefundisha hesabu Kasulu, na ambaye malaria ilimchukua mwaka 2006. Walijaliwa watoto wawili, dada Bincy na Jobin, na mwaka 2009 alihamia nao Buffalo, hapa Marekani, akatunza wazee huko kwa miaka mingi. Ameacha mjukuu mmoja, Theodosia, mwenye jina la mama yangu mzazi, aliyefia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Sehemu ya ugonjwa dada Bincy ameomba isifupishwe.

Mwezi Januari 2024 madaktari wa Buffalo walimkuta Ammachi na saratani ya titi, wakampangia kuanza matibabu tarehe 12 Februari. Tarehe 5 Februari mimi nilijifungua Louisville kwa upasuaji, na kwa kuwa sina mama, Ammachi alipanda basi bila kumwambia mtu yeyote habari za ugonjwa, akafika kwetu, mtaa wa Newburg, na chupa za mafuta, manjano, na dawa ya vitunguu na sukari guru aliyoipika mwenyewe. Kila asubuhi alinikanda, akaniogesha akikwepa kidonda, na nyumba yote ikanuka majani, hata jirani yetu Mkongo, mama Cibalonza, akasimama mlangoni akauliza, “Mama, unapika bibi ya wenyewe?” yaani mke wa watu. Naye akamjibu, “Bado hajaiva, rudi kesho.”

Simu yake ililia mara nyingi, nami nilipomuuliza alisema, “Watu wa bima hao, wana maneno mengi, wewe lala.” Nilipomwambia kwamba sasa naweza kuoga mwenyewe, alikasirika. “Nimeshika kazi ya mama yako,” alisema. “Nikiiacha nusu, nitamwambia nini tukikutana?”

Arobaini ilipoisha alirudi Buffalo, na matibabu yalianza tarehe 2 Aprili, ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye mifupa. Madaktari hawakusema kama wiki zile zingemwokoa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuwauliza. Dada Bincy alipogundua kwa nini mama aliacha miadi ya hospitali, hakuongea nasi mwaka mzima.

Januari 2025, sisi tukiwa tumeshahama Louisville, tulimleta hapa Columbus, kwetu Reynoldsburg, lakini mifupa ilimuuma hata shuka ikimgusa, hakuweza kukandwa, kwa hiyo alichonifanyia mimi sikuweza kumrudishia. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa pande mbili za kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Buffalo na wa hapa, wafanyakazi wenzake waliosafiri usiku kucha, wenzake Jobin wa ghalani, na watu wa mtaa wa Northland mnaotuletea chakula tangu siku ile, kwani kwao Ammachi nyumba yenye msiba haiwashi jiko.

Dada Bincy, nakushukuru kwa kuja. Ulikataa nisome tu kwamba mama aliugua kwa muda mrefu, kama wanavyosoma wengine, ukataka niseme mbele za watu alikuwa wapi siku aliyotakiwa hospitali. Alikuwa kwetu, ananikanda mgongo, na mimi nilikuwa nimelala usingizi. Nimesema. Sina kingine cha kukupa, na najua alikuwa mama yako kabla hajawa wangu.

Ammachi, pumzika kwa amani, ingawa sisi uliotuacha bado hatujaipata.