Mwalimu Nani-Kaamua, 1951–2023

Mwalimu wetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Mama yake alikuwa mkunga. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita, na kitinda mimba ndiye anayewasomea wasifu huu. Akiwa na miaka tisa marehemu alichoka kusikia ugomvi wa nani aoshe vyombo, akaamuru kura ipigwe. Ndugu zake wakampigia yeye, wote. Aliosha wiki nzima bila kununa, kisha akaitisha uchaguzi mwingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na sekondari mwaka 1965. Mwaka 1971 aliingia chuo kikuu kusoma sheria, na muhula wa pili akahamia sayansi ya siasa. Baba yake aliweka randa chini, akamuuliza kama kweli siasa nayo inasomewa.

“Wengi wanaifanya bila kuisomea, baba,” akajibu. “Ndiyo maana iko hivi.”

Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1983. Utafiti wake ulihusu jinsi wachuuzi wa sokoni wanavyochagua viongozi wao, na kwa ajili yake alikaa miaka miwili juu ya kreti la nyanya akiandika, mpaka wateja wakawa wanamuuliza bei.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na mfamasia waliyegombea naye kiti kimoja maktabani. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Shemeji yetu alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa bunge zima.

Aliajiriwa kuwa mhadhiri tarehe 1 Septemba 1984. Hakuridhika kufundisha wanasiasa watarajiwa peke yao. Alibisha hodi kitivo kwa kitivo, na kufikia mwaka 1991 alikuwa akiwafundisha madaktari, mabwanashamba na wahandisi somo moja: maamuzi ya umma yanafanywaje, na nani anaachwa nje. Kila mwanafunzi alipoeleza mradi wowote, yeye aliuliza, “Nani kaamua?” Jina likamganda.

Mwaka 1993 mkuu wa kitivo cha uhandisi alisimama kwenye kikao cha seneti akataka somo hilo lifutwe kitivoni kwake. “Daraja halipigi kura,” alisema, na ukumbi ukacheka. Kesho yake marehemu alikwenda ofisini kwa mkuu yule, akamwomba wanafunzi thelathini na basi moja kwa siku moja. Mzee hakuona sababu ya kumnyima.

Aliwapeleka kwenye kijiji chenye pampu ya maji iliyokaa kimya miaka mitatu. Vijana wakaifungua yote, wakaikuta nzima. Akawaambia waweke spana chini, waende kuuliza watu. Hadi alasiri walikuwa wamejua: kamati ya maji iliteuliwa na ofisa mmoja, wote kutoka upande mmoja wa kijiji, na upande wa pili ukaapa kwamba kama ufunguo wa banda la pampu haukai kwao pia, hakuna atakayeruhusiwa kuiwasha. Wanafunzi waliomba mkutano. Ikachaguliwa kamati mpya, mlango ukatiwa makufuli mawili, kila upande na ufunguo wake. Wiki iliyofuata maji yalitoka.

Mkuu wa kitivo aliisoma ripoti ya wanafunzi wake mara mbili. Kisha akaja darasani kwa marehemu, akakaa safu ya nyuma na daftari, wiki nne mfululizo. Kwenye kikao kilichofuata aliiondoa hoja yake mwenyewe. Somo lile linafundishwa hadi leo katika vitivo vyote saba, na mzee yupo nasi hapa, safu ya mbele.

Marehemu alistaafu mwaka 2016 akiwa profesa, ila hakuacha kusimamia tasnifu. Februari 2021 moyo ulianza kumsumbua. Daktari aliyemtibu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na alizungukazunguka kumweleza hali ilivyo. Marehemu akamsaidia.

“Sema tu, daktari. Nilikufundisha mwenyewe kwamba mwenye jambo ana haki ya kuambiwa.”

Daktari akasema yote. Marehemu akamshukuru, akapanga muda wake. Mwezi Mei 2023 alisahihisha sura ya mwisho ya mwanafunzi wake wa mwisho akiwa kitandani, akalalamikia nukta mkato mbili, akatia saini. Tarehe 9 Juni 2023, saa tano asubuhi, alifariki nyumbani, mumewe na watoto wote watatu wakiwa wamemzunguka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, kaka wawili na mdogo wake huyu, pamoja na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu.

Shemeji ameomba tuongeze neno moja. Anasema katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa hakuwahi kumshinda mke wake katika ubishi hata mmoja, na leo angetoa chochote ili ashindwe tena.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.