Senetwet Haikuuzwa

Kwenye gari la Longisa, nyanya mmoja alikuwa amekumbatia kibuyu chake cha maziwa ya mursik kama mjukuu. Vitu vingine vilikuwa vimetangulia na lori.

"Shamba nimeuza, naenda kukaa na msichana wangu," alimwambia mama wa ndizi aliyeketi naye. "Lakini ile mti ya senetwet sijauza. Bila makaa yake ya kusugua kibuyu, mursik ni maziwa tu imeharibika."

"Gogo, nyanya yangu, ukiuza shamba umeuza na miti!"

"Majani chai nimemwachia mnunuzi. Hata choo nimemwachia. Senetwet, hapana."

Ukarimu wa choo si wa kila siku.

"Na huyo mwenye alinunua anajua?"

Gari likasimama. Nyanya akashuka na kibuyu, akachungulia dirishani akicheka.

"Atajua Jumamosi, akiniona na panga."