Gervas Mutashobya na Kibali cha Novemba

Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, ndiko alikozaliwa Gervas Mutashobya tarehe 3 Juni 1979, mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Mzee Deogratias na Bi. Anastela. Mama yake anasema Gervas alichelewa kusema lakini hakuchelewa kutazama. Akiwa na miaka mitatu aliweza kukaa asubuhi nzima mgombani akimwangalia kinyonga akivuka jani moja.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Bukoba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Alitamani chuo cha wanyamapori, hakupata nafasi. Alichukua leseni ya udereva, na kwa miaka minane akaendesha gari la watafiti wa ndege kandokando ya Ziwa Victoria. Hao ndio waliomwachia kamera yake ya kwanza, pamoja na tabia ya kuandika saa, upepo na maji kabla ya kupiga picha yoyote.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na Marietha katika parokia ya nyumbani. Bwana harusi alichelewa misa kwa dakika arobaini, kwa kuwa korongo wawili wenye taji walikuwa wametua bondeni na hakuwa tayari kuwaacha. Marietha alimpokea mlangoni mwa kanisa kwa swali: “Na wasingeruka je? Ningeolewa na padri?” Mwaka 2010 Mungu aliwajalia binti, Virginia.

Gervas alifika Dubai Februari 2011, akawa dereva wa basi la wafanyakazi wa kampuni moja ya Dubai Investments Park. Marietha alimfuata mwaka 2013, akilea watoto wa watu katika nyumba moja ya mtaa wa Mirdif. Walionana Ijumaa. Kila vuli, joto likivunjika, Ijumaa hizo Gervas alizitumia milimani upande wa Hatta, akimtafuta tahr, mbuzi-mwitu wa milima ile, ambaye wengi huondoka nchini bila kumwona.

Mwaka 2015 Bwana Shakir, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Mombasa na mwenyekiti wa kikundi cha wapiga picha, alimfuata. “Gervas ndugu yangu, lenzi tunazo, mlima hatuujui. Tupangie.” Gervas alipanga. Alipanda Ijumaa sita mfululizo na rafiki yake Ibra, wa Unguja, hadi akajua tahr wanashukia dimbwi lipi na saa ngapi. Aliomba kibali cha hifadhi kwa jina lake, kama kiongozi wa msafara wa watu kumi na wawili, Ijumaa tarehe 20 Novemba. Masharti yake yalikuwa matatu: hakuna manukato, hakuna droni, hakuna chakula cha kuwavutia wanyama. Yeye angetembea wa mwisho, awaone wote.

Katika kikao cha Jumatano tarehe 18, dukani kwa Shakir, mwenyekiti alipendekeza waweke tende na mkate kando ya dimbwi.

“Wakifuata tende, umepiga picha ya tende,” Gervas alisema.

“Lo! Wewe dereva wetu ama imamu wetu?” Watu wakacheka.

“Kibali kina jina langu, Shakir. Hakuna chambo.”

Alhamisi kampuni ilimpangia zamu ya Ijumaa. Alipiga simu kuomba waahirishe wiki moja tu. Shakir akamjibu: “Watu wameshaomba ruhusa kwa mabosi, arbab zao. Karatasi ya kibali tunayo, yatosha. Yalla, kazi njema.”

Walikwenda kumi na mmoja, na tende, na mkate, na droni. Tahr walishuka alfajiri, jike na mtoto wake. Droni ilipowapitia juu walikimbilia gengeni. Mtoto aliteleza, akaanguka, akafa. Mlinzi wa hifadhi alipouliza kiongozi ni nani, Shakir alimpa kibali, akamwonyesha jina na kusema, “Huyu hapa. Ndiye aliyetutuma.” Ibra alikuwapo. Ameiambia familia: “Nilisikia, nikanyamaza. Andikeni hivyo hivyo.”

Tunaandika. Gervas alipigwa marufuku ya kudumu kukanyaga mlima ule, kwa kosa alilolikataza mbele ya watu kumi na mmoja. Karatasi yake ya zamu inaonyesha kwamba saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ile alikuwa akishusha wafanyakazi Al Jaddaf, zaidi ya kilomita mia kutoka pale. Aliipeleka kwa Shakir mara nne, akiomba mstari mmoja wa ukweli kwa hifadhi. Mara ya nne alijibiwa: “Khalas, Gervas. Mbuzi tu yule. Nikiandika, kikundi kizima kitafungiwa.” Kikundi kimepanda tena mlima ule vuli mbili. Gervas hakupanda tena.

Septemba 2017 alianza kuumwa tumbo, na Novemba madaktari wakagundua saratani ya ini. Alivumilia bila manung’uniko. Wiki ya mwisho, Marietha akimgeuza kitandani, aliuliza kama Shakir ameandika. Alifariki Jumatano tarehe 14 Machi 2018, saa tisa alasiri.

Kesho yake Bwana Shakir alikuja kutoa pole. “Marietha dada yangu, ya mlimani msiyasome kwenye wasifu. Marehemu husemwa kwa mema.”

“Haya ndiyo mema yake, shemeji,” Marietha alimjibu. “Mabaya ni yako.”

Marehemu ameacha mjane, Marietha. Binti, Virginia, wa darasa la tatu. Mama yake, Bi. Anastela, na ndugu watano. Ameacha pia barua kwa hifadhi, inayoeleza yaliyotokea tarehe 20 Novemba 2015, iliyoambatanishwa na karatasi ya zamu. Ibra aliitia sahihi jana. Chini ya jina lake pana nafasi ya sahihi moja zaidi. Bwana Shakir ametuarifu kwamba atahudhuria maziko haya, hapa makaburini Jebel Ali. Barua na kalamu atavikuta kwa Marietha.

Bwana ampokee mja wake Gervas, ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima.